Moyo Wenye Bitana

Nyumba yenye mafundi wawili ni nyumba yenye mlango usiotulia. Mtu akisimama kizingitini akaita "Fundi!", Mama Cherehani huitika kutoka chumba cha mbele, mumewe naye huitika kutoka uani, na mgeni hubaki ameduwaa asijue shida yake aipeleke wapi. Mama Cherehani ni fundi wa nguo. Mumewe ni fundi bomba, na mtaa mzima humwita Koki, hata wale wanaojua kwamba wazazi wake walimpa jina jingine. Wao wenyewe huitana fundi tu. "Fundi, chai hiyo." "Asante, fundi." Wameitana hivyo tangu ujana wao, na siku ukimsikia mmoja akimwita mwenzake kwa jina lake la kuzaliwa, ujue pamechafuka.

Kilichowagombanisha sana kuliko yote kilikuwa bomba la jikoni. Lilivuja. Halikuvuja kwa kutisha. Lilitoa tone, likanyamaza, likatoa tone jingine juu ya sinia kuukuu la bati lililotegwa chini yake. Koki alikuwa amenyoosha mabomba ya shule, ya hoteli, ya nyumba za wakubwa wenye mabafu mapana kuliko sebule yake, lakini bomba lake mwenyewe alilipita kama mtu anavyompita shemeji aliyekuja kusalimia akahamia. Waliosema mganga hajigangi walikuwa wamefika nyumba hiyo. Mkewe akimkumbusha, alijibu neno moja lile lile.

"Kesho, fundi."

Kesho hiyo ingekuwa binti, ingekuwa imeshaolewa na kuzaa.

Sasa, tangu mwaka uliopita, Koki alianza kuyapenda mabomba ya watu kupita kiasi. Wakitoka pamoja kwenda sokoni, alikuwa akisimama ghafla kwenye ukuta wa jirani, akaweka kiganja, akainama, akalitazama bomba la watu pale kwenye kiungo, akaligonga kwa kucha, akatulia. Baada ya muda aliinuka na kuendelea na safari bila kusema neno. Majirani walimsifu. Walisema huyu ndiye fundi mwenye uchungu na kazi, hata asipolipwa anakagua. Mkewe naye alidanganyika, mpaka siku moja Koki aliposimama kwenye ukuta usio na bomba.

"Unatazama nini hapo?" akamwuliza.

"Naona pangefaa bomba," Koki akasema, na jasho lilikuwa linamtiririka usoni asubuhi ile ya baridi, na mkono wake wa kushoto ameukumbatia kama mtoto mchanga.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mama Cherehani hakungoja kilio. Alimshika mkono mume wake kama anavyomshika mteja mbishi anayekataa kupimwa kiuno, akampeleka hospitali. Walimpitishia waya mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, wakatazama kwenye kioo, na daktari wa moyo, kijana mpole mwenye mikono safi sana, akawaonyesha picha. Mishipa inayoulisha moyo wa Koki ilikuwa imejaa mafuta yaliyoganda. Miwili ilikuwa imebanwa, na wa tatu, ule unaoteremka mbele ya moyo, ulibakiza upenyo kama wa uzi. Kuipanua kwa kijibomba cha waya kusingetosha. Ingebidi apasuliwe, atolewe mshipa mguuni, ushonewe moyoni ili damu ipate njia nyingine.

Koki alisikiliza kwa adabu. Akamshukuru daktari, akamuuliza habari za familia yake. Walipofika nje ya lango akamwambia mkewe, "Sikubali," akatangulia mbele.

Hakutoa sababu. Mkewe alimbembeleza, akamnunia, akambembeleza tena. Hospitali ilikuwa imempangia kitanda Jumatatu ya wiki iliyofuata. Asipokubali mpaka Ijumaa, kitanda kile angepewa mgonjwa mwingine, na yeye angerudi mwisho wa foleni ndefu ambayo daktari alisema wazi kwamba moyo ule hauna subira nayo. Mama Cherehani alikuwa anashona huku machozi yanamdondokea kwenye vitambaa vya watu. Aliogopa. Usiku alikuwa anaweka kiganja kwenye mgongo wa mumewe ili ahakikishe kwamba unapanda na kushuka.

Binti yao, wanayemwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha chuo cha wauguzi, alikuja wikendi na karatasi kubwa iliyokunjwa kwapani.

"Mama," akasema, "nataka unishonee moyo."

"Nimeshona shela, nimeshona sare, nimeshona mapazia ya ukumbi mzima," mama yake akasema. "Moyo bado sijaletewa."

"Tulio nao ni wa plastiki, wanafunzi wameudondosha. Na hata ulipokuwa mzima, wa nyuma ya darasa walikuwa hawauoni. Nishonee wa kitambaa, mkubwa kama mto wa kulalia, unaofunguka. Usiogope, mama. Ni kama koti. Una nje, una ndani, una mifuko minne."

Koki alichungulia ule mchoro juu ya bega la mkewe. "Vyumba vinne!" akasema. "Na sisi tulianza na kimoja."

"Nyinyi mlikuwa wawili, baba. Humu inapita damu ya mwili mzima," Mwalimu akasema, akamtazama baba yake kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaaga.

Mama Cherehani aliitandika ile karatasi mezani akaisoma kama anavyosoma mshono mgeni. Vyumba viwili vya juu vilikuwa na kuta nyembamba, kwa sababu kazi yao ni kupokea tu na kumimina vyumba vya chini. Vya chini vilikuwa vinene. Kile cha kulia kinasukuma damu mapafuni, nako ni jirani tu, kwa hiyo ukuta wake ni wa wastani. Cha kushoto kinasukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu, na ukuta wake ni mnene kuliko zote. Alikata kitambaa chekundu kizito cha nje, akakata satini ya bitana ya ndani, na katikati yake akashindilia sufi, upande wa kushoto akishindilia kwa ngumi. Kwenye milango baina ya vyumba aliweka vipande laini vya kufungukia upande mmoja. "Hizo ni koki," mumewe akamwambia, na akaamuru zikatwe upya kwa sababu moja ilikuwa inarudisha. Ubavuni akaweka zipu.

Ikabaki mishipa yenyewe. Alichukua kamba nyembamba, zile anazotia kwenye kingo za mito ya makochi, akazivisha kitambaa chekundu, akaziweka moja moja juu ya kitambaa cha nje kama mishipa inavyoonekana mchoroni, kila tawi mahali pake. Akazishona kwa mkono, akaridhika. Kisha akafanya kile ambacho mikono yake imefanya tangu alipokuwa mwanagenzi: akaunganisha vipande, mishono na mishipa yote ikimtazama yeye, akapitisha mkono katika upenyo, akaugeuza moyo ndani nje kama kila nguo inavyogeuzwa, akaushindilia, akaukung'uta.

Ukatoka laini, mwekundu, hauna mshipa hata mmoja.

Mishipa yote ilikuwa imeingia ndani. Alikaa akiutazama kama mtu aliyevaa gauni kinyume harusini. Mshonaji wa miaka yote hiyo! Mwanagenzi wake angefanya hivyo, angemfinya sikio. Akachukua kifumulio.

"Usifumue," Koki akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika kikombe, amesimama hapo kitambo. Akaja, akaifungua ile zipu, akatia mkono ndani, akapapasa zile kamba, na uso wake ukachangamka namna ambayo mkewe hakuiona kwa wiki nyingi. "Hapo ndipo ulipopatia. Waliochora ndio waliokosea."

"Waliochora ni madaktari."

"Sikiliza, fundi. Hili ni tangi. Si ndiyo? Damu ya mwili mzima inapita humu, haikauki hata dakika. Halafu mtu ananikalisha kwenye kiti ananiambia tangi lina kiu. Ningemwambia mteja wangu maneno hayo angenitoa na ufagio. Moyo umejaa damu mpaka kooni, utakosaje damu?"

Mama Cherehani akaweka kifumulio chini polepole. "Ndiyo maana umekataa?"

Koki akanywa chai.

"Na kwa nini hukumwuliza daktari?"

"Nimwulize, ili nimwaibishe? Kijana wa watu mpole vile." Akageuza kikombe mkononi. "Halafu mwanao anafundisha mambo hayo hayo. Nitamwambia nini? Kwamba tumemsomesha kwa jasho, halafu anafundisha watoto wa watu uongo? Nikaona bora ninyamaze."

Hapo mkewe alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu yuko radhi afe kuliko kumtia binti yake aibu! Kipenda roho, lakini huyu alikuwa amezidisha. Jambo lililomsumbua zaidi ni kwamba hata yeye hakuwa na jibu. Moyo umejaa damu, utakosaje damu? Swali lilikuwa na maana. Alijifunga kanga vizuri, akakata vitambaa upya, akashona moyo wa pili kama karatasi ilivyosema, mishipa ikiwa nje, na akamwita binti yake aje Alhamisi alasiri akitoka kazini.

Mwalimu alipoingia akakuta mioyo miwili mezani.

"Mama, niliagiza mmoja."

"Mmoja wa chuo, mmoja wa baba yako. Kaa hapo umjibu. Tangi limejaa maji, litakosaje maji?"

Koki aliangalia dari kama mtoto aliyechongewa. Lakini Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alivuta kiti, akaketi karibu na baba yake mpaka magoti yakagusana.

"Baba, ni swali zuri. Ngoja." Akafungua zipu ya moyo wa pili. "Hii ni nini?"

"Bitana."

"Na moyo wa kweli una bitana. Laini kama satini hii, na haipitishi. Ukijaza maji kwenye mfuko wa koti la mvua, begani patalowa?"

"Hapatalowa."

"Basi. Ile damu inayopita ndani ni ya safari zake. Moyo unaisukuma tu, hauwezi kuinywa. Ni kama mama kwenye shughuli: anapakulia ukumbi mzima, na yeye hajatia kitu mdomoni. Mpaka aletewe sahani yake."

"Na hawamletei," Mama Cherehani akasema.

"Moyo unaletewa. Tazama." Akaweka kidole kwenye bomba nene lililochomoza juu. "Hii ni aota, bomba kuu. Kila damu inayokwenda mwilini inatokea hapa. Na pale pale inapoanzia, juu tu ya koki yake, kuna vitundu viwili. Kabla ya kichwa, kabla ya mikono, kabla ya yeyote, hapo ndipo moyo unapochukua fungu lake. Mshipa mmoja kulia, mmoja kushoto. Wa kushoto hauendi mbali unagawanyika: huu unateremka mbele, huu unazunguka nyuma. Wa kulia unapita kwenye hiki kibonde na kwenda kukutana na wenzake huko chini. Imeuzunguka moyo kwa nje kama taji. Inaitwa hivyo hivyo, mishipa ya taji. Hakuna njia nyingine. Ikiziba hii, moyo unaweza kufa njaa katikati ya karamu."

Koki aliuchukua ule moyo, akaupakata. Kidole chake, chenye makovu ya chuma na moto, kilifuata kamba moja kutoka juu mpaka chini, kikarudi juu, kikafuata nyingine. Jikoni bomba lilidondosha tone kwenye sinia.

"Upana wake?" akauliza.

"Hata mrija wa soda unaushinda."

"Mrija." Akatikisa kichwa. "Unalisha mashine isiyozimwa. Nani alifunga hii?"

"Na unajua inakula saa ngapi, baba? Moyo ukijikaza kusukuma, unaibana mishipa yake wenyewe. Damu nyingi inaingia moyo unapolegea, kati ya pigo na pigo. Unakula ukipumzika."

"Basi moyo una akili kuliko baba yako," Mama Cherehani akasema, akainuka, akaenda chumbani.

Alirudi na suruali kuukuu ya kazi ya mumewe na mkasi, na kabla hajazuiwa akauondoa mguu wa kushoto kwa mkato mmoja wa kitaalamu.

"Hiyo suruali yangu!"

"Daktari alisema wanachukua mguuni. Tulia."

Akakata ukanda mwembamba, akaushona uwe kijibomba, akatia fundo jekundu kwenye ule mshipa wa mbele mahali palipoziba, kisha akaushona mwanzo wa ukanda kwenye aota na mwisho wake chini ya fundo. Alitumia sindano nyembamba na mishono midogo sana, kwa sababu alitaka mumewe aone kwamba kazi hiyo inafanyika, na kwamba ni kazi ya sindano na uzi, na wako watu wanaoiweza. Koki alikuwa ameinama karibu mpaka akawa anamzuilia mwanga.

"Mnapitisha pembeni," akasema polepole. "Bomba limeziba chini ya sakafu, huvunji sakafu. Unaanzia juu ya tatizo, unashukia chini ya tatizo. Nimefanya maisha yangu yote." Akamtazama binti yake, na macho yake yakawa na maji. "Kumbe unafundisha ukweli."

"Ndiyo, baba."

"Basi utakubali," Mama Cherehani akasema. Alikuwa ameshakata uzi kwa meno, na moyoni ameshapanga nguo za kuweka kwenye mfuko.

Koki akaurudisha moyo mezani, akauweka vizuri usibingirike.

"Hapana," akasema.

Hapo ndipo Mama Cherehani alipomwita mumewe kwa jina lake la kuzaliwa. Alilitamka lote, na la baba yake juu. Mwalimu aliinamisha uso. Koki alishtuka kama aliyemwagiwa maji, akamtazama mkewe, na kilichokuwa kimefungwa ndani yake kikalegea.

"Wanausimamisha," akasema. "Daktari alisema. Ili washone, wanausimamisha. Hawawezi kushona kitu kinachoruka. Mimi najua maana yake. Ukitaka kukata bomba, kwanza unafunga koki kuu. Sasa koki mpya, unafunga, unafungua. Lakini koki ya zamani, iliyokaa wazi miaka na miaka haijawahi kuguswa..." Akafungua kiganja, akakifunga. "Nyingine ukishaifunga, haifunguki tena. Imeshanitokea. Yangu ina miaka sitini haijafungwa hata mara moja."

Kumbe ndicho hicho. Lile la tangi lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa la juu juu. Huko chini alikuwepo mtu mzima anayeogopa, na anaogopa kwa ujuzi.

"Baba, damu haisimami," Mwalimu akasema. "Kuna mashine inayoisukuma wakati huo. Na wakishamaliza, wakiruhusu damu irudi kwenye mishipa hii, mara nyingi moyo unaanza wenyewe. Ukikawia wanaushtua. Siwezi kukuambia hakuna hatari. Iko. Lakini ukibaki hivi hatari ni kubwa zaidi, na hiyo unaijua, unaibeba kwenye kila ukuta unaposimama."

Mama Cherehani alipiga magoti sakafuni mbele ya mumewe, mahali anapopiga magoti kupima pindo za watu, akamshika mikono yote miwili.

"Hizo koki zilizogoma," akasema. "Ulizifanyaje? Uliziacha ukaenda zako?"

"Ningeziachaje? Watu hawana maji."

"Ulifanya nini?"

"Nilikaa nazo. Unaipasha moto kidogo, unaibembeleza. Kidogo mbele, kidogo nyuma. Unakaa nayo mpaka ikubali."

"Na zilikubali?"

Koki alifikiri kwa haki, maana si mtu wa kudanganya kuhusu kazi. "Zilikubali. Zote, mwishowe."

"Basi madaktari nao watakaa na moyo wako. Na mimi nitakaa mlangoni. Sitatoka hapo, wakitaka wanifagie." Akaikaza mikono ile. "Mimi sitaki bomba, sitaki suruali, sitaki kujua nani amepatia na nani amekosea. Nakutaka wewe. Kila ukisimama kwenye ukuta wa watu, mimi pia nasimama, na hakuna daktari anayenipima mimi. Nakupenda, mbishi mkubwa wewe. Nimechoka kukuhesabia pumzi."

Koki alimfuta uso kwa kidole gumba, akamchafua kwa vumbi la sufi. "Fundi," akasema.

"Sema."

"Utakuwa mlango upi? Hospitali ile ina milango mingi."

Ijumaa walikwenda kusema ndiyo.

Jumatatu asubuhi kilichomwamsha Mama Cherehani kilikuwa kimya. Alilala akisikiliza, asijue anakosa nini. Mahali pa mumewe palikuwa patupu. Akatoka mbio mpaka jikoni, akamkuta Koki amevaa nguo safi za kwendea hospitali, anapangusa spana kwa tambara. Sinia la bati lilikuwa limeoshwa na kuegeshwa ukutani. Bomba lilikuwa limekaa kimya, kavu, linang'aa.

"Kimpira tu cha ndani," Koki akasema bila kumtazama. "Kazi ya dakika mbili. Aibu hata kusema."

Mwanamke mwingine angefurahi. Mama Cherehani alihisi baridi kutoka utosini. Alimjua mtu wake. Huyu hakutengeneza bomba. Huyu alikuwa anaaga. Alikuwa amefagia uwanja, amemaliza ahadi zake, ili asije akaondoka akiwa na deni la neno.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini?"

"Lile tone. Lirudishe."

"Fundi, miaka yote umenisumbua..."

Hakungoja amalize. Alimpokonya ile spana, akaishika kama anavyoona yeye inashikwa, akaing'ang'ania nati ya bomba kwa nguvu zote, akaigeuza. Maji yakamrukia kifuani. Akairudisha nyuma kidogo, akailegeza tena, mpaka likatoka tone, likanyamaza, likatoka jingine. Akalichukua sinia, akalibamiza chini ya bomba.

"Utalitengeneza ukirudi," akasema, amelowa. "Unanisikia? Kazi haijaisha nyumba hii. Huruhusiwi kumaliza kazi."

Koki alitazama bomba, akamtazama mkewe, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio, akamkumbatia na maji yake yote, hata shati safi likaharibika ikabidi abadilishe.

Mlango alioukalia Mama Cherehani ulikuwa wa bluu, na alikaa pale na mfuko wake mapajani bila kula. Binti yake alimletea chai ikapoa. Jua lilipogeuka, yule daktari mpole akatoka, kofia mkononi, alama za barakoa usoni. Akasema mishipa imeshonwa vizuri. Akasema Koki yuko salama.

"Na moyo ulipofunguliwa?" Mama Cherehani akauliza. "Mlikaa nao sana?"

Daktari hakuelewa mara moja, kisha akaelewa, akatabasamu. "Hatukukaa nao, mama. Damu ilipofika tu, ulianza wenyewe. Hata hatukuushtua."

Mama Cherehani akasema, "Haya," kama mteja amemwambia gauni limemkaa. Kisha akaketi, akalia mpaka akashiba.

Koki alipotolewa mipira kooni, muuguzi alimwelekeza namna ya kukohoa. Kifua kimekatwa mfupa kikaungwa, kwa hiyo akitaka kukohoa akumbatie mto kwa nguvu, akaze. Akatafuta mto wa kumpa. Mama Cherehani alikuwa ameshafungua mfuko wake, akatoa ule moyo wa kwanza, ulioshindiliwa sufi, mwekundu, laini, usio na mshipa hata mmoja kwa nje. Muuguzi alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Akaugeuzageuza.

"Mama, huu mbona hauna mishipa?"

"Iko ndani," Koki akasema kwa sauti iliyokwaruza, akaukumbatia. "Huu ni wangu. Usiuguse."

Alirudi nyumbani nao. Walimkataza kunyanyua kitu, walimkataza spana, na kwa wiki nyingi alikaa kwenye kiti cha chumba cha mbele, moyo wake wa kitambaa kifuani, akitoa maoni juu ya mishono ya mkewe ambayo hakuna aliyemwomba. Jioni walitembea pamoja polepole. Walipita ukuta wa jirani, wakapita na ule usio na bomba, na hakusimama. Mkewe alikuwa amemshika mkono, akapiga hatua kadhaa mbele ndipo akatambua kwamba alikuwa amejizuia kupumua.

Siku moja alasiri mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna, cherehani imenyamaza. Koki aliinamisha kichwa akasikiliza kitu kutoka jikoni.

"Lile bomba," akasema, "linavuja vibaya kuliko zamani. Mtu gani alilishika?"

"Fundi mmoja hivi," Mama Cherehani akasema. "Hana ujuzi."

"Ameharibu nati kabisa." Akauweka ule moyo wa kitambaa vizuri kwenye kifua, akanyoosha miguu, akafumba macho. "Kesho nitalitengeneza."

Mama Cherehani akatunga uzi kwenye sindano. Ilimchukua muda, kwa sababu tundu lilikuwa linacheza machoni pake.

"Hakuna haraka, fundi," akasema. "Kesho."